Dawa nyekundu na moyo wa mama: seli za moyo zinakufaje?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, anatibiwa saratani ya titi la kushoto. Ameshatundikiwa dripu mbili za ile dawa nyekundu kati ya nne alizopangiwa, kila baada ya wiki tatu. Kadi yake inasema uzito kilo 62, urefu sentimita 158, na mara zote mbili imeandikwa "Doxo mg 99". Kabla ya kuanza alipimwa eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, moyo ukawa 63. Juzi wamerudia, ukawa 58. Baada ya dripu ya pili alikojoa mkojo mwekundu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwambia hiyo ndiyo dawa inayoua moyo. Sasa mama anasema ya tatu haendi. Mimi nilisoma PCB, kwa hiyo usinizungushe: dawa ya saratani inautafutia nini moyo? Seli za moyo zinakufa kweli au zinachoka tu? Na zikifa, zinarudi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu.

Nianze na mkojo, maana ndio uliomtisha. Doksorubisini, ndiyo hiyo "Doxo" ya kwenye kadi, ni nyekundu yenyewe tangu ikiwa kwenye chupa, na rangi hiyohiyo hutoka na mkojo kwa siku moja au mbili baada ya dripu. Si damu. Ikifika siku ya tatu au ya nne mkojo bado ni mwekundu, au anakojoa kwa maumivu, hapo arudi hospitali, kwa sababu dawa nyingine ambayo mara nyingi hutolewa pamoja na hii inaweza kuchubua kibofu. Vinginevyo anywe maji ya kutosha na asiuogope.

Halafu hizo namba, 63 na 58. Wengi wanazisoma kama alama za mtihani, kana kwamba moyo wa mama umepata 58 kwa 100. Sivyo. Ni asilimia ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini cha kushoto ambayo moyo huitoa kwa pigo moja. Hakuna moyo unaotoa damu yote; moyo mzima wa afya kwa kawaida hutoa kati ya 55 na 70 hivi. Tena kipimo cha eko kinategemea mkono wa anayepima, mashine na jinsi mgonjwa alivyolala. Mpimaji mwingine angeweza kuupa moyo uleule 63 asubuhi na 58 mchana. Kinachotufanya sisi tushtuke ni kushuka kwa alama 10 au zaidi mpaka chini ya 50. Mama hayuko huko. Anastahili kufuatiliwa, ila hayuko huko.

Hata hivyo, yule jirani wa kitanda hakusema uongo. Amesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo unayoiulizia.

Uzi wa DNA ulio ndani ya seli moja ukiunyoosha unakaribia mita mbili, nao umekunjwa ndani ya kiini ambacho jicho halikioni. Uzi mrefu hivyo lazima utatizike, hasa seli inapotaka kuunakili ili igawanyike. Mvuvi wa hapo kwenu mshipi ukimtatiza, akishachoka kufungua mafundo hukata, akapitisha upande wa pili, akaunga tena. Ndani ya kiini kuna kimeng'enya kinachofanya kazi hiyohiyo siku nzima, kinaitwa topoisomerasi ya pili. Hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine katikati, kisha huunga. Doksorubisini hujipenyeza baina ya vidato vya ngazi ya DNA na kukishika kimeng'enya hicho wakati mbaya kuliko yote: kimeshakata, hakijaunga. Seli ya saratani, ambayo haina kazi nyingine ila kugawanyika, hujikuta na DNA iliyokatika mahali pengi na hufa. Hiyo ndiyo kazi tuliyoiitia dawa.

Sasa seli ya msuli wa moyo haigawanyiki, au tuseme ni kama haigawanyiki. Kwa nini basi iumie? Jibu ni kwamba kimeng'enya hicho ni ndugu wawili, alfa na beta. Alfa hukaa kwenye seli zinazogawanyika. Kwenye moyo wa mtu mzima alfa hayupo wa kuhesabika, ila beta yupo, anafanya kazi zake za taratibu za kusaidia jeni zisomeke. Dawa haiwatofautishi. Mwaka 2012 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya walioondolewa jeni ya beta kwenye misuli ya moyo peke yake. Panya hao walipopewa doksorubisini, mioyo yao ilinusurika mahali ambapo mioyo ya wenzao iliharibika. Kwa wengi wetu hilo lilikuwa pigo. Mimi nilifundishwa, na nikafundisha kwa miaka, kwamba habari yote ni ya oksijeni yenye sumu, basi. Kumbe mlango mkubwa ulikuwa kwenye kiini.

Beta akinaswa, mambo mawili hutokea. La kwanza ni hilo la DNA kukatika, na protini inayolinda DNA, p53, kupiga kengele. La pili ndilo lililonishangaza zaidi: jeni zinazoagiza utengenezaji wa mitokondria mpya, ile mitambo ya nishati ya seli, hunyamaza, na za kujikinga na sumu za oksijeni nazo hupungua. Yaani dawa inaharibu mitambo na papo hapo inachukua ramani ya kutengenezea mitambo mingine.

Na hiyo mitambo ndiyo uhai wa moyo. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku bila likizo, na karibu theluthi ya nafasi yote ndani ya seli yake imejaa mitokondria. Doksorubisini ina chaji chanya. Utando wa ndani wa mitokondria una mafuta ya aina yake yanayoitwa kadiolipini, yenye chaji hasi. Uliyesoma kemia unajua kitakachofuata: dawa inang'ang'ania pale. Ikishakaa, hudokoa elektroni kwenye njia ambayo seli huitumia kutengeneza ATP, yaani nishati yake, ikampa oksijeni, ikarudi kudokoa nyingine. Molekuli moja ya dawa inaweza kurudia wizi huo mara nyingi, kwa sababu yenyewe haimaliziki. Oksijeni iliyopewa elektroni isiyo yake hugeuka kuwa supaoksaidi, kisha peroksidi ya haidrojeni, maji yaleyale ya kusafishia vidonda. Ini lina kimeng'enya kingi cha kuyavunja, kinachoitwa katalasi. Moyo unacho kidogo.

Hapo ndipo chuma kinapoingia. Peroksidi peke yake seli inaweza kuhimili. Ikikutana na chuma kisichofungwa kwenye protini, huzaliwa radikali ya haidroksili, ambayo haichagui: hushambulia chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ni mafuta ya utando. Unajua samli ikikaa vibaya inavyochacha. Ndicho hicho hasa, wala sisemi kwa mfano tu. Kemia ya kuchacha kwa mafuta jikoni na ya utando wa seli ni ileile. Molekuli moja ya mafuta ikichacha humwambukiza mwenziwe, naye jirani yake, mpaka utando wote unapoteza umbo na kutoboka. Seli ina askari wa kuzima moto huo, kimeng'enya kiitwacho GPX4. Akizidiwa, seli hufa kifo ambacho hakikuwa na jina mpaka mwaka 2012, maabara ya Brent Stockwell huko Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilipokiita feroptosisi, kutokana na neno la Kilatini la chuma. Mwaka 2019 watafiti wa China wakaonyesha kwa panya kwamba doksorubisini huamsha kimeng'enya kinachovunja himu, ile sehemu ya himoglobini na jamaa zake inayobeba chuma. Chuma kinachofunguliwa huenda kulundikana kwenye mitokondria za moyo. Panya waliopewa kemikali ya kuzuia feroptosisi walikufa wachache zaidi.

Ngoja nikate hapa kidogo, maana najua baada ya kusoma hivi kuna mtu atakwenda kumnyang'anya mama yake vidonge vya kuongeza damu. Usifanye hivyo. Chuma ninachokisema ni kile kilichofunguliwa ndani ya mitokondria, na vidonge anavyoandikiwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu ni habari ya daktari wake na vipimo vyake. Moyo uliokwisha kuchoshwa, ukiongezewa na damu nyepesi, utachoka mara mbili.

Turudi kwenye vifo. Feroptosisi si kifo pekee. Kuna apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie kutokana na neno la Kigiriki la majani yanayoanguka mtini. Sisi tuna neno zuri zaidi: kupukutika. Seli inayopukutika haipasuki. Mitokondria zake hufungua vitundu na kuachia protini iitwayo saitokromu c, ambayo siku zote kazi yake ni kubeba elektroni. Mwaka 1996 maabara ya Xiaodong Wang ilionyesha kwamba protini hiyohiyo ya uhai ikitoka nje ya mitokondria huwa amri ya kifo. Hiyo huamsha mikasi ya protini inayoitwa kaspasi, ambayo huikatakata seli kwa ndani kwa utaratibu. Seli hujifunga vifurushi vidogovidogo, seli za jirani zinavimeza, na hakuna fujo. Nekrosisi ni kinyume chake: kalsiamu inafurika, mitokondria zinavimba, utando unapasuka na yaliyomo yanamwagika. Troponini, protini ya msuli wa moyo tunayoipima kwenye damu, ni sehemu ya yale yaliyomwagika. Mgonjwa wa shambulio la moyo huimwaga kwa wingi ndani ya saa chache; anayepewa doksorubisini, ikiwa seli zinakufa, huivujisha kidogokidogo.

Ukiniuliza ni kifo kipi kati ya hivyo kinachomfika mgonjwa wetu, nitakujibu vyote, tena vinashirikiana. Seli yenye DNA iliyokatika na mitokondria zilizochacha haikai kuchagua lebo. Na nikuonye kitu ambacho makala nyingi huficha chini kabisa: panya wengi wa maabara hupigwa dozi kubwa kwa mkupuo, halafu mioyo yao huchunguzwa baada ya siku chache tu. Mama yako anapewa kidogo, anapumzishwa wiki tatu, anapewa tena. Ukiona picha ya moyo wa panya umejaa seli zilizokufa, usiuweke moyo wa mama kwenye picha hiyo.

Kwa moyo wa binadamu mwenyewe, mtu wa kumsikiliza ni wa kwenu. Margaret Billingham alizaliwa Tanga mwaka 1930, akaja kuwa mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Wanaomjua wanamjua kwa vipimo vya kugundua moyo uliopandikizwa unapokataliwa na mwili, lakini katika miaka ya 1970 yeye na wenzake walifanya pia kazi hii ya dawa nyekundu. Mgonjwa anapitishiwa waya mwembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka ndani ya moyo, kinanyofolewa kipande cha nyama kidogo kama punje ya ufuta, kisha kinatazamwa kwa hadubini ya elektroni. Waliyoyaona yalikuwa ya namna mbili. Seli nyingine zilikuwa na matundu, mifereji yake ya ndani imevimba kama povu. Nyingine zilikuwa hai, kiini kipo, utando upo, lakini nyuzi za kukunja msuli zimetoweka. Nyumba imesimama, haina watu. Billingham akaweka madaraja ya uharibifu huo, na ikaonekana kwamba daraja hupanda kadiri jumla ya dawa inavyopanda, na kwamba hadubini huona kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Zipo seli zinazokufa kweli, na zipo nyingi ambazo hazijafa wala si nzima. Ndani ya hizo za pili, protini kubwa iitwayo titini, inayofanya kazi kama springi ya kila kizio cha msuli, imekatwakatwa na vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu. Kwa tabibu, tofauti hiyo ni kila kitu. Seli iliyokufa hatuwezi kuifufua. Iliyopoteza nyuzi inaweza kuzisuka tena ikipunguziwa mzigo na ikapewa muda.

Na zile zilizokufa, zinarudi? Kidogo mno, na namna tulivyolijua hilo ni ya ajabu. Mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa angani kabla ya mkataba wa mwaka 1963 yaliongeza kaboni-14 hewani dunia nzima. Mimea ikaivuta, watu wakaila, ikaingia kwenye DNA ya kila seli iliyotengenezwa miaka ile. Kwa hiyo DNA ya seli ina alama ya wakati ilipozaliwa. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén la Stockholm lilipima alama hizo kwenye seli za moyo. Likakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 kama asilimia 0.45. Mama yuko katikati. Pengo la seli iliyokufa huzibwa na nyuzi za kovu, ambazo hazikunji wala hazisukumi, na seli zilizobaki hunenepa zibebe zamu ya marehemu. Zinaweza kuibeba miaka kumi, ishirini, bila mtu kujua.

Niliwahi kumwona mama mmoja kijana, mimba ya miezi saba, amevimba miguu, hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Moyo ulikuwa unatoa asilimia 30. Tukauliza, tukauliza, mpaka bibi yake akasema, "Huyu alipokuwa na miaka tisa alikuwa na uvimbe, akatundikiwa dripu nyekundu." Ngapi? Hakuna aliyejua. Hospitali iliyomtibu faili halikuonekana tena. Mimba, ambayo huongeza sana kazi ya moyo, ilikuwa imezidai zile seli zilizobaki deni la miaka kumi na tano. Tangu siku hiyo sitibu mtu wa dawa hii bila kumwambia anunue daftari.

Daftari la nini? La miligramu. Moyo hauhesabu dripu, unahesabu jumla ya maisha, na jumla hiyo huandikwa kwa miligramu kwa kila mita ya mraba ya ngozi ya mwili. Daniel Von Hoff na wenzake, mwaka 1979, walipitia kumbukumbu za wagonjwa na kukuta moyo kushindwa kazi kwa asilimia 3 ya waliofikisha 400, asilimia 7 kwa 550, na 18 kwa 700. Mwaka 2003 Sandra Swain na wenzake wakapitia upya wagonjwa wa majaribio matatu na kupata namba kali zaidi: 5, 26 na 48 kwa dozi hizohizo. Ndiyo maana zamani tulikuwa tukisema kikomo ni 550 na leo wengi tunaanza kuwa wagumu mapema zaidi. Usidhani chini ya kikomo ni salama kabisa na juu yake ni kaburi. Ni mteremko. Nao huwa mkali zaidi kwa mwenye shinikizo la damu, mwenye umri uliopita miaka 65, aliyewahi kupigwa mionzi ya kifua upande wa kushoto, au aliyekwisha kupewa dawa ndugu ya hii.

Kwa kuwa uvimbe wa mama ni wa titi, muulize daktari kama ni wa HER2, yaani wenye wingi wa protini ya jina hilo inayopokea ishara za kukua. Ikiwa ndiyo, baadaye huenda akapewa trastuzumabu, dawa inayoizuia protini hiyo. Hiyo haiui seli za moyo kwa njia hizi. Inaziba mlango ambao seli ya moyo hupokelea ishara ya kujitengeneza, msuli unalegea, na mara nyingi dawa ikisimamishwa unarudi. Lakini zikitolewa kwa pamoja ni balaa: jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilikuta matatizo ya moyo kwa asilimia 27 ya waliochanganyiwa trastuzumabu na dawa za jamii ya doksorubisini. Seli iliyopigwa na ya kwanza ilinyimwa na ya pili nafasi ya kujiganga. Siku hizi moja humaliza ndipo nyingine ianze.

Kinga ipo? Ipo moja yenye uzito, deksirazoksani, na kisa chake kinafurahisha kwa sababu bado tunabishania inavyofanya kazi. Kwa miaka mingi tuliamini inazoa chuma. Basi tukasema, dawa nyingine za kuzoa chuma nazo zitalinda moyo. Wapi! Deferoksamini, inayotumika kwa watu walioongezewa damu mara nyingi, haikufua dafu. Ndipo ikagunduliwa kwamba deksirazoksani hukaa pia juu ya topoisomerasi beta, ikamfunga kabla doksorubisini haijamfikia, na beta akapungua kwenye seli. Wa kambi ya kiini wakashangilia. Halafu mwaka 2014 kazi nyingine ikaonyesha kwamba deksirazoksani hupunguza chuma ndani ya mitokondria, mahali ambapo deferoksamini haifiki. Wa kambi ya chuma nao wakapata lao. Mimi naona kambi zote mbili zimeshika mguu wa tembo yuleyule. Kwa wagonjwa wetu wa titi hutolewa kwa wachache, hasa wanaolazimika kupita dozi kubwa. Kwa mtu wa dripu nne si kawaida.

Statini, vile vidonge vya kolesteroli, zimeleta majibu yasiyopatana. Jaribio la wagonjwa 300 wa limfoma, saratani ya tezi, lililotolewa mwaka 2023 lilikuta waliokunywa atovastatini, asilimia 9 tu ndio mioyo yao ilishuka sana, dhidi ya 22 kwa wasioinywa. Jingine, la wagonjwa ambao wengi walikuwa wa saratani ya titi, halikuona tofauti. Kama mama ana sababu nyingine ya kuinywa, ainywe. Kuhusu vitamini E na zile chupa za "kusafisha sumu" zinazouzwa mitandaoni: kwa panya vizuia sumu za oksijeni vilileta matumaini mengi, kwa watu vikaangusha. Sasa unajua sababu mojawapo. Hata ukizima moto wote wa oksijeni, beta bado amenaswa kwenye DNA.

Kinachookoa mioyo mingi kuliko hivyo vyote ni kuwahi. Daniela Cardinale wa Milano na wenzake waliwafuata wagonjwa 2,625 waliopewa dawa za jamii hii. Asilimia 9 mioyo yao ilidhoofu, na karibu wote, asilimia 98, ilikuwa ndani ya mwaka wa kwanza. Walipoanzishiwa enalaprili, dawa ya presha, na dawa za kupunguza mapigo mara tu eko iliposhuka, asilimia 82 walipata nafuu, ingawa waliorudi kabisa walipokuwa ni 11 tu kwa 100. Katika kazi yao ya awali, waliocheleweshewa matibabu zaidi ya miezi sita hakuna hata mmoja aliyerudi kikamilifu. Hapo unaziona zile seli za Billingham: zinasubiri, lakini hazisubiri milele.

Kwa hiyo mama asiache dripu kwa maneno ya kitandani, wala asiende kimya. Kabla ya dripu ya tatu, akutane na daktari wake wa saratani akiwa na majibu ya eko zote mbili mkononi, aulize kama zimepimwa kwa mashine moja, na aombe apimwe presha. Baada ya dripu ya nne apimwe eko nyingine, na nyingine tena ndani ya mwaka, hata akijisikia mzima. Wewe nyumbani umpime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, au soksi zikianza kuacha alama, au akaomba mto wa pili usiku, au akaamka anahema, usingoje tarehe ya kliniki.

Na ile "Doxo mg 99" uliyoinakili, nimekufanyia hesabu. Kwa kilo 62 na sentimita 158, ngozi ya mama ni kama mita za mraba 1.65. Gawanya 99 kwa 1.65 upate 60, dozi ya kawaida kabisa. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: dripu mbili, jumla 120. Zikitimia nne itakuwa 240.